Pine Mpya za Motokari ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alileta motokari yake Kingi, kijijini kwetu, wakati wa kiangazi, na kutoka Sake safari ilimchukua siku mbili. Sisi wauza maharagwe tunaipanda njia ile kwa lori la Fuso, asubuhi moja tu kama mvua haikunyesha. Lakini motokari yake haikuwa ya kupanda milima. Ilikuwa ya chini, rangi ya majivu, milango minne, viti vya ngozi, na tumbo lake lilikaribia udongo hata kuku angepita kwa kuinama. Ilitoka Ulaya, ikapitia nchi nyingine ambazo sizijui, ikafika Goma. Yeye aliiona imeegeshwa mbele ya depo fulani akaipenda kama vijana wengine wanavyopenda mke, bila kujiuliza atamlisha nini.

Watu walimwonya. Hata mimi nilimwambia kwa simu.

"Unaenda kununua motokari ya kukimbia, na kwetu hakuna njia ya kukimbilia."

Alicheka. Aliniita Yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, awe kaka ao dada kama mimi. "Yaya, kutoka Goma mupaka Sake kuko lami. Ile kipande inanitosha."

Kumwelewa, ni lazima umjue tangu utoto wake. Alikuwa mtoto wa chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao tunayobebea mizigo. Wenzake walishuka nayo mlimani polepole, mguu mmoja ukikanyaga kipande cha mpira kilichokuwa breki. Yeye aliondoa mguu. Mama yetu alisimama shambani na jembe mkononi akamwona anapita juu ya magunia ya makabichi, shati limejaa upepo kama tumbo. Jioni alimchapa. Wiki iliyofuata akamwona tena.

Alisoma Goma kidogo, akaacha kabla ya diploma, akaenda Walikale kwenye machimbo. Kwanza alibeba magunia ya mawe ya madini mgongoni, akitembea porini. Baadaye alianza kununua kwa wachimbaji na kuuza kwa wakubwa. Mungu akamfungulia mkono. Aliezeka nyumba ya Mama kwa bati, akamnunulia ng'ombe, akaoa kanisani binti wa Mweso, mpole, anayecheka huku amefunika mdomo. Ndipo akanunua motokari.

Siku ile anaileta, wanaume walitembea mbele yake na mbao na majembe. Penye shimo waliweka mbao. Penye jiwe waliinua pembe moja ya gari, wakaipitisha kama wanavyoinua kitanda cha mgonjwa. Kilichomshinda ni pine. Pine ndiyo matairi, sisi tumezoea kuyaita hivyo. Za motokari ile zilikuwa na ubavu mfupi kuliko kiganja changu, na chuma cha gurudumu kilikuwa karibu sana na mawe. Ya kwanza ilipopasuka alifungua nyuma kutafuta ya akiba. Hakukuwa na ya akiba. Kulikuwa na chupa ndogo ya gundi na pampu ya kuchezea watoto. Kwado wa pale njiani, kwado ndiye fundi wa kuziba pine, aliishika ile chupa akaigeuza geuza.

"Bazungu banaweka gundi mu chupa," alisema. "Kwao hakuna majiwe."

Walipofika kwetu, pine moja ilikuwa imechanika kabisa, na nyingine zilikuwa na vivimbe ubavuni kama shavu la mwenye jino bovu. Mama alitoka jikoni na majivu mikononi. Mdogo wangu alimfungulia mlango wa mbele, akamketisha, akawasha injini. Motokari haikusogea hata hatua, haikuweza. Mama aliweka mikono juu ya magoti kama yuko kanisani.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia kama paka analala."

Alifurahi kwa jibu lile kuliko kwa pongezi zote za kijiji. Aliiweka motokari juu ya mawe, akaijengea kibanda cha bati na miti ya mikaratusi, akamwambia Mama kwamba ataleta pine mpya, atamshusha hadi Sake, na kutoka Sake atamkimbiza kwenye lami hadi Goma ili aone miti inavyorudi nyuma. Kisha akapanda pikipiki akarudi Walikale. Mama alimpungia mkono. Mimi sikumpungia, nilikuwa na beseni la maharagwe kichwani.

Mvua ziliporudi, mlima wa machimbo uliporomoka. Tuliambiwa kwa simu na mtu aliyekuwa naye. Mdogo wangu hakuwa mchimbaji, alikuwa amesimama tu chini pale akipima mzigo na wenye kuuza, na udongo ukawakuta wote pamoja. Waliwatoa, wakawazika siku ile ile, kule kule, maana njia ilikuwa mbaya na watu wenye bunduki walikuwa karibu.

Mama hakulia. Alimsikiliza yule mtu mpaka mwisho, mimi nimeishika simu katikati yetu, kisha akaniomba nimpe.

"Nani alimuosha?" aliuliza.

Yule mtu alisema ilikuwa haraka.

"Na walimuvalisha nini?"

Sikusikia jibu. Mama alinipa simu, akaenda kuondoa chungu motoni kwa sababu maharagwe yalikuwa yanaungua.

Watu walikuja kwenye kilio. Walilala kwenye mikeka, waliimba, katekista alisali. Lakini desturi yetu inataka kilio kiishe. Siku moja watu hukusanyika wakanyolewa, wakala, wakatawanyika, na mwenye kufiwa akaanza tena kulima. Mama alikataa. Alisema hawezi kumaliza kilio cha mtu ambaye hakumwona. Kanisa lilichanga fedha kwa ajili ya saruji na msalaba, ili siku njia ikifunguka twende tujenge kaburi. Mama alizifunga ndani ya kipande cha kitenge, akaongeza noti moja ya dola ambayo mdogo wangu alimwachia mkononi siku anaondoka na ambayo hakuwahi kuitumia, akaficha vyote ndani ya mbegu za maharagwe.

Njia haikufunguka. Ikifunguka huku inafungwa kule. Nilifika Kashebere mara moja na mzigo wangu, nikakutana na watu wanashuka kutoka upande wa Walikale na magodoro na mbuzi na wagonjwa, nikageuka pamoja nao.

Motokari ilibaki kwenye kibanda chake. Kila asubuhi Mama alifagia pembeni mwake. Jua likitoka, wanawake wa jirani walitamani kuanika maharagwe juu ya boneti lake, lililotokeza nje ya kibanda, maana lilikuwa pana na lenye joto, lakini hakuruhusu. Panya walikula waya. Pine zote zilinywea, zikapasukapasuka kama kisigino cha mkulima.

Kisha mke wa marehemu akanipigia kutoka Mweso, kwa wazazi wake, ambako alikimbilia na watoto. Tulisalimiana muda mrefu kuliko kawaida, na nikajua kuna neno.

"Yaya, batoto hawasomi tena. Nilikuwa nafikiri juu ya ile motokari..."

Hakumaliza. Nilimwambia nimeelewa.

Nilienda Masisi centre kumwona fundi mmoja wa magari, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye mdogo wangu alimpenda. Alikuja, akafungua boneti, akatoa kiota cha panya, akashinda siku kadhaa na waya zake na betri ya kuazima. Injini ikawaka. Mama alikuwa ndani. Hakutoka. Fundi alimjua mfanyabiashara mmoja wa Goma aliyekuwa anatafuta motokari ya aina ile. Walizungumza kwa simu. Yule mtu alikubali bei, lakini akaweka sharti: motokari imfikie Sake kwa magurudumu yake. Kitu kilichokaa juu ya mawe hanunui.

"Basi tutafute pine za okazyo," fundi aliniambia. "Zenye zinaweza kushika hewa mupaka Sake tu. Mwenye kununua atabadilisha mwenyewe."

Niliona ana haki. Tulikuwa tumeketi nje ya jiko, na Mama alikuwa ndani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukanyamaza.

"Okazyo njo nini?"

"Pine zenye zilikwisha kutumika, Mama. Za muntu mwengine."

Kisha tukamsikia anaingia nyumba kubwa, na aliporudi alikuwa na kile kitenge, mbegu mbili tatu za maharagwe bado zimeshikamana nacho. Akakiweka mapajani mwangu.

"Kanunue mupya."

"Mama, hii iko ya kaburi."

"Najua. Kila mwenye alitoa, namujua."

"Na watu watasema nini?"

"Kaburi iko mbali. Mimi sitafika, na wewe hukufika. Kintu yake yenye iko hapa njo hii. Itatoka mu lupango, kiwanja yangu mwenyewe, mbele ya batu, na mimi nitasimama nitaangalia. Haitatoka na pine ya kuomba."

Fundi aliangalia chini. Mimi nilijaribu tena, kwa upole, kama unavyomweleza mtu mzima jambo ambalo anaweza kuwa hajalielewa.

"Lakini Mama, tunaiuza. Pine zitaenda na mwenye kununua. Hatutazionaka tena."

"Na nguo za maiti," Mama alisema, "zinaendaka wapi?"

Akarudi jikoni. Mchi ukaanza tena.

Nilishuka Goma juu ya Fuso, kati ya magunia, na kitenge kile tumboni chini ya nguo. Wakati ule banki zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya vita, na kila kitu kililipwa mkononi ao kwa simu. Njia nzima niliwaza kwamba sijawahi kununua pine hata ya baiskeli. Mimi najua maharagwe. Najua kuyang'ata nikakuambia yalivunwa mvua ipo ao haipo. Pine, sikujua hata mtu anaanza kuangalia wapi.

Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Duka lake lilinuka mpira mpya hadi kooni. Wanaume watatu walikuwa wanabishana naye juu ya pine za lori, wakaniacha nisimame. Walipotoka nilimsalimu, nikamwonyesha picha niliyopiga kwa simu, namba zilizoandikwa ubavuni mwa pine.

Alivuta simu karibu na macho. "Mama, hii iko ya mbele ao ya nyuma?"

"Papa, si zote ni pine?"

Hakunicheka. "Kwa hii motokari hazilingane. Za nyuma ziko pana kupita za mbele. Ukinipa namba moja tu, nitakuuzisha makosa, na kesho utarudi unalia."

Nilimpigia fundi. Alienda kupiga magoti nyuma ya motokari, akatusomea namba za nyuma, kwa sauti ndogo ile, mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika. Mwenye duka aliziandika kwa chaki kwenye sakafu. Kisha akaanza kuniletea pine, akizibiringisha moja moja kutoka gizani.

Kwanza alileta za okazyo, ingawa sikuziomba. Meno yake yalikuwa marefu bado, nikashangaa. "Gonga na ukucha," aliniambia. Niligonga. Zilikuwa ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka. Alisema kule zilikotoka watu huzivalisha magari wakati wa theluji, na zikizeeka huzitupa, na sisi tunazipokea.

Akaleta mpya za bei ya kati, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Akaleta tena mpya za jina kubwa, lile mdogo wangu alilolitaja mara nyingi kama watu wanavyotaja timu ya mpira. Hizo zilikuwa laini. Ubavuni zilikuwa na mshale wa kuonyesha upande wa kuzungukia, na mwisho wa namba kulikuwa na herufi. Nilimuuliza herufi ile ni ya nini.

"Inaonyesha mbio yenye pine inaweza kuvumilia. Hii inavumilia mbio yenye mimi sijaiona na macho yangu."

Alileta na za mwisho, nene, zenye ubavu mrefu. Alisema hizi ndizo zingevumilia mawe ya kwetu, ila zingesugua bodi kila ukikata kona.

Zote zilikuwa mbele yangu zimelala sakafuni. Mwenye duka alijipangusa mikono.

"Motokari inaenda wapi, Mama?"

"Kutoka Kingi mupaka Sake. Kisha inauzwa."

Alivua miwani. "Basi chukua okazyo. Mimi mwenye kuuza njo nakuambia hivyo. Usimwage franga."

Sikujua kwa nini nilimweleza. Watu wetu wengi wamekufa na hatuwaelezi wageni habari zao, maana mgeni naye ana zake. Lakini mdomo wangu ulifunguka peke yake. Nilimwambia juu ya mlima ulioporomoka, na juu ya Mama na maswali yake mawili kwenye simu, na kwamba fedha hizi zilikuwa za msalaba. Nilisema nikiangalia pine, si yeye. Nilipomaliza alikuwa ameketi juu ya moja ya pine zile nene.

"Mimi pia niko na muntu," alisema. "Kaka yangu. Hatujui hata walimuzika ku upande gani."

Nje mtu alikuwa anapiga honi. Kisha mwenye duka alisimama, akaziviringisha za okazyo akazirudisha gizani bila kuniuliza.

Nilitaka za jina kubwa. Nakiri nilizitaka kwa uchungu, kama nilivyotaka zamani kumnunulia mdogo wangu viatu vizuri vya komunyo na nikakosa. Tulihesabu, hazikufikiwa, hata nikiongeza yote niliyouza ya maharagwe. Niliuliza kama naweza kuchukua mbili nzuri za nyuma na mbili za kati za mbele. Alisema motokari ya mbio haipendi hivyo, mbele itashika njia kwa namna yake na nyuma kwa namna yake, na kwenye kona ya mvua zitagombana. Nikachukua za kati, zote nne. Mdogo wangu angezikataa. Alikuwa mtu wa majina.

Kabla ya kulipa, mwenye duka alinionyesha duara dogo ubavuni lenye tarakimu. Alisema wauzaji wengine wanakupa pine iliyolala depo miaka mingi wakaiita mpya, na kwamba pale unasoma juma na mwaka pine ilipotoka kiwandani. Alitaka nione kwamba zangu hazijalala. Nilisoma. Nikapiga hesabu moyoni, nikapiga tena. Zilitengenezwa mdogo wangu akiwa amekwisha kuzikwa. Kule mbali kulikuwa na watu walioamka asubuhi wakaenda kazini wakatengeneza kitu cha motokari yake, na yeye hayupo. Nilishika ukingo wa meza. Mwenye duka alifikiri sijaelewa tarakimu, akaanza kunieleza upya.

Wakati wa kulipa, aliinua kila noti kwenye mwanga. Goma ndivyo ilivyo, dola yenye mpasuko hata wa unywele hakuna anayeipokea. Noti za kanisa zilipita. Ile ya Mama, ya mdogo wangu, ilikuwa imekunjwa muda mrefu hata mahali pa kukunjia pamefanya kitundu.

"Hii hapana, Mama. Unisamehe."

Niliipokea haraka kuliko inavyostahili. Nikaongeza fedha ya maharagwe yangu mahali pake, na ile noti nikairudisha ndani ya kitenge peke yake.

Mwenye chukudu mmoja alinibebea pine hadi kwenye Fuso. Njiani kwenye vizuizi waliniuliza kila mara pine hizi ni za nani. Kizuizi kimoja, mtu mwenye bunduki alipanda juu, akaweka mkono wake kwenye ile ya juu kabisa akaipapasa. Niliona anaipenda.

"Ni za kilio," nilimwambia.

"Kilio ya pine?"

"Kilio ya mdogo wangu. Mama yetu njo alizinunua."

Aliniangalia muda. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa baridi. Aliondoa mkono, akashuka.

Fundi alizivalisha siku iliyofuata. Pine ya ubavu mfupi haiingii kwa urahisi, aliipaka sabuni, akaisukuma kwa vyuma, akatokwa jasho pamoja na baridi yote ya Masisi. Alipojaza hewa, kila moja ilikaa mahali pake kwa mlio mkali, na majirani wakageuka kila mara, maana siku hizi mlio wowote watu hugeuka. Jeki ilipoteremshwa, motokari ikashuka juu ya magurudumu yake polepole, ikatulia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda tangu asubuhi. Aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni na kitenge safi. Alipiga magoti kwenye gurudumu la kwanza, akaosha matope ya mikono ya fundi, alama za chaki, vumbi la Fuso. Akafuta, akakausha. Akahamia la pili. Fundi alitaka kumsaidia, nikamshika mkono. Alipomaliza yote, maji aliyamwaga mbali, nyuma ya migomba, si pale.

Asubuhi ya kuondoka watu walikuja bila kuitwa. Katekista alikuja, akasali kwa kifupi. Fundi aliketi kwenye usukani. Alimfungulia Mama mlango wa mbele.

"Mama, ingia. Tukufikishe ku Sake, uone lami."

Mama alitikisa kichwa. "Yeye njo aliniahidi. Si wewe, papa."

Fundi akafunga mlango taratibu. Niliingia nyuma. Mama alitembea kando ya motokari, mkono juu ya bati, mpaka kwenye mteremko, na pale njia ilipozidi kuinama alitoa mkono. Sikugeuka kumwangalia. Wanawake walisema baadaye kwamba alisimama hadi mlio ulipopotea, kisha akauliza nani ameacha mbuzi wazi.

Tulishuka siku nzima. Fundi aliendesha kama mwenye kubeba mayai, na penye shimo alishuka akaangalia kwanza, akarudi akakaa, akafikiri. Mahali pamoja jiwe lilikwaruza ubavu wa pine ya nyuma, nikasikia kama limenikwaruza mimi. Tuliposimama kuangalia kulikuwa na mstari mweupe tu, hewa haikutoka. Fundi alipitisha kidole juu yake. "Ni ngozi tu," alisema.

Mfanyabiashara alitungoja Sake, mwanzoni mwa lami. Alikuwa mtu wa adabu, alinipa pole kabla ya kuangalia motokari. Aliizunguka, akasikiliza injini, akapiga magoti akasoma pine.

"Hizi nitabadilisha," alimwambia fundi. "Mimi navalishaka zile za jina."

"Na hizi utazipeleka wapi?" nilimuuliza.

Alinitazama, ameshangaa kwamba jambo lile linanihusu. "Kuko muntu atazichukua, Mama. Haiwezi kukosa."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini fedha ilikuwa mkononi mwake, na watoto walikuwa Mweso wanangoja shule, na motokari ilikuwa yake sasa. Alilipa kama tulivyokubaliana, bila kupunguza. Akakaa, akafunga mlango, akaondoka kuelekea Goma.

Mwanzoni alienda taratibu kati ya watu na chukudu. Njia ilipokuwa wazi akakanyaga. Sikuwahi kusikia sauti ile. Kwetu ilikuwa paka, kama alivyosema Mama. Pale ilikuwa kitu kingine kabisa, kirefu, kinachopanda, na watu wa soko waligeuka wote kwa pamoja na wengine wakatabasamu. Fundi naye alitabasamu, kisha akaniona, akaacha. Nilisimama hadi sikusikia tena. Sehemu kubwa ya fedha niliituma Mweso siku ile ile. Mke wa marehemu alinishukuru, akawaita watoto mmoja mmoja wanisalimie, mpaka salio likaisha.

Nyumbani Mama hakuniuliza bei, wala mwenye kununua ni mtu gani. Aliuliza kama tulipata mvua. Nilimrudishia ile noti, nikamweleza kwa nini ilikataliwa. Aliitazama, akaiweka ndani ya Biblia, akaniambia nile.

Majuma kadhaa yalipita hivyo, na mimi nilidhani amepoa. Kisha ukafika wakati wa kupanda. Tulikuwa shambani asubuhi, mimi na yeye, na wanawake wa jirani kwenye mashamba yao juu na chini yetu, ukungu bado haujaondoka. Mama alikuwa anatoboa na mimi naangusha mbegu nyuma yake. Katikati ya mstari aliacha. Nilifikiri amepata kitu kwenye udongo. Alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, jembe kando, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, akamwita mdogo wangu kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo hakuna aliyelitamka tangu simu ya Walikale.

Nilisimama na mbegu mkononi. Wanawake wa mashamba ya juu waliweka majembe chini wakashuka. Wa chini wakapanda. Hawakumwambia nyamaza, wala pole. Walikaa pembeni mwake kwenye udongo mbichi, mmoja akamweka kichwa chake mapajani, na mwingine akaanza wimbo wa kilio polepole, wengine wakaupokea. Tulikaa hapo mpaka matone ya kwanza ya mvua yakaanza. Ndipo mmoja wao alichukua jembe la Mama, akatoboa mahali alipoachia, na mimi nikamfuata nikiangusha mbegu.